Kujua unene wa ukuta wa pamoja kati ya nyumba mbili bila kuutoboa

Ukuta wenye mlango au dirisha hausumbui. Unaweka futi kamba kwenye kingo, unasoma, umemaliza. Kazi ipo kwenye ukuta unaokutenganisha na jirani. Huo hauna tundu hata moja, upande mmoja una kochi lako na wa pili una kabati la mtu mwingine, na ndio huohuo unaotaka kuchimbia soketi, kutundikia televisheni, kupandishia ghorofa au kuuchora kwenye ramani ya kuombea kibali. Fundi ukimuuliza atakwambia "hiyo inchi sita tu" kabla hajashuka kwenye bodaboda. Mara nyingi anapatia. Siku asipopatia, biti ya drili inatokea sebuleni kwa jirani, au mchoro unapelekwa halmashauri na vyumba ambavyo ukivijumlisha havitoshi ndani ya nyumba.

Ukuta wa aina hii unene wake unatafutwa kwa kutoa: unapima kilicho kulia, kilicho kushoto na jumla ya nje, na kinachobaki ndio ukuta. Halafu jibu hilo unalilinganisha na tofali. Watu wengi wanaishia kwenye kutoa, ndiyo maana unakuta ramani ina ukuta wa mm 167, kitu ambacho hakuna tofali la saruji linalokitoa kirahisi.

Anza na majibu yanayowezekana

Kabla hujagusa futi kamba, jua ni namba zipi unazitarajia. Tofali la saruji tunalojengea Tanzania lina urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9, na unene wake ni inchi 5 au inchi 6. Kwa milimita inchi 5 ni kama 125, inchi 6 ni kama 150, na ile inchi 9 ni kama 230. Lipu upande mmoja huwa kati ya mm 12 na mm 20. Chukua 15 kwa kuanzia. Kwa hiyo ukuta wenye lipu pande zote mbili utaangukia karibu na moja ya hizi:

- Tofali la inchi 5 lililosimamishwa: mm 155
- Tofali la inchi 6 lililosimamishwa: mm 180
- Tofali lililolazwa, ile inchi 9 ikiwa ndio unene: mm 260
- Kuta mbili za inchi 5 zilizosimama mgongo kwa mgongo: mm 280 na kuendelea
- Kuta mbili za inchi 6 zilizosimama mgongo kwa mgongo: mm 330 na kuendelea

Ziangalie hizo mbili za katikati. Kati ya 260 na 280 pana tofauti ya sentimita mbili tu, na lipu nene kidogo inaifuta kabisa. Ukuta mmoja wa kulaza na kuta mbili za inchi 5 ni vitu tofauti kabisa: wa kwanza ni wenu wote, wa pili kila mtu ana wake. Namba peke yake haitakuamulia hapo; nitarudi kwenye hilo.

Wanaojenga kwa mawe ya machimbo, kama ilivyo Nairobi, wabadilishe tarakimu tu: jiwe la 9 kwa 9 linatoa mm 230 kabla ya lipu, la 6 kwa 9 likisimamishwa linatoa 150. Kwa tofali za kuchoma usitegemee kipimo cha kitabuni, maana kila tanuri lina kalibu yake. Tafuta tofali lililobaki uani, au kona ya ukuta isiyopigwa lipu, ulipime lenyewe urefu, upana na kimo.

Vifaa

Futi kamba ya chuma ya mita 5, ileile moja kwa vipimo vyote. Pimamaji. Timazi, au nati nzito iliyofungwa kwenye uzi. Kipande cha ubao kilichonyooka cha kama nusu mita. Penseli na karatasi. Leza ya kupimia ni nzuri ndani ya chumba, lakini nje saa sita mchana kile kidoti chekundu hukioni, kwa hiyo utaishia kwenye futi kamba tu.

Neno moja kuhusu futi kamba, kwa sababu nimeona watu wakiigonga kwa nyundo kuitengeneza. Kile kibati cha mwanzoni kinachocheza mbele na nyuma hakijalegea. Kimewekwa kicheze kiasi sawa na unene wake chenyewe: ukikisukuma ukutani kinaingia ndani, ukikivuta kwenye kingo kinatoka nje, na vipimo vyote viwili vinakuwa sahihi. Ukikikaza kwa nyundo, kimoja kati ya hivyo viwili kitakuwa na kosa kila siku.

Nenda kwa jirani kwanza

Njia bora inahitaji dakika kumi ndani ya nyumba ya pili. Usitume fundi peke yake. Nenda mwenyewe, na useme unachotaka kufanya kabla hajauliza.

"Hodi! Shikamoo mama. Naomba nipime kidogo pale sebuleni, ukuta wetu ule. Nataka kuchimbia soketi kwangu, sasa naogopa nisije nikatokea kwako."

"Marahaba. Pima baba, ila viatu uviache hapo mlangoni. Na hilo kabati halisogezwi."

Kabati lisisogezwe. Unachohitaji ni nafasi kati ya ukuta wa pamoja na dirisha la mbele, basi. Na ukimaliza mwonyeshe namba uliyopata. Ukuta ni wake pia, na siku naye atakapotaka kuchimba hatakuwa na haja ya kukugongea.

Kupima kwa madirisha mawili

Wengi wanapima upana mzima wa nyumba zote mbili kwa nje, kisha wanatoa vyumba vyote na kuta za pembeni. Inawezekana, lakini unakusanya vipimo vitano sita, na kila kimoja kina kosa lake dogo. Njia fupi ni kutumia dirisha lako na dirisha la jirani yaliyo karibu zaidi na ukuta wa pamoja, yote ya mbele. Hayo yanaonekana ndani na nje, kwa hiyo ndiyo yanayounganisha vipimo.

Chagua kingo ya fremu ya dirisha lako iliyo upande wa ukuta wa pamoja. Fremu yenyewe, yaani ile mbao au aluminiamu, na si pembe ya lipu. Pembe ya lipu ya ndani na ya nje ni nadra kulingana. Fundi lipu huzikunja anavyoona zinapendeza. Kwa ndani, fremu imezama kidogo kwenye ukuta, kwa hiyo egemeza ule ubao kwenye kingo ya fremu uchomoze ndani ya chumba, umenyooka, na pembe yake iwe mraba na ukuta wa mbele. Sasa sukuma kibati cha futi kamba kwenye ukuta wa pamoja, vuta hadi kwenye ubao, soma. Rudia juu, katikati na chini ya dirisha.

Fanya hivyohivyo kwa jirani. Halafu toka nje mpime kutoka kingo ya fremu yako hadi kingo ya fremu yake, zile zile mbili. Hapa mnahitaji watu wawili, futi kamba ikazwe na ilale sawa na pimamaji. Ikiwa dirisha moja liko juu kuliko lingine, shusha timazi kutoka kingo ya lile la juu, mpime hadi kwenye uzi.

Mfano. Kwako umepata mm 612. Kwa jirani 845. Nje, kutoka kingo hadi kingo, 1,637. Jumlisha vya ndani: 612 na 845 ni 1,457. Toa kwenye 1,637, inabaki 180. Rudi kwenye orodha ya juu: tofali la inchi 6, lipu ya mm 15 kila upande. Vipimo vitatu vyenye kosa la milimita moja moja au mbili vinaweza kukuyumbisha kwa mm 5 hivi, na tofauti kati ya ukuta wa inchi 5 na wa inchi 6 ni mm 25, kwa hiyo hapo huwezi kuchanganya.

Ukipata kitu kama 205, usiandike 205 ukaondoka. Hiyo namba haimo kwenye orodha, na maana yake ni moja kati ya mambo matatu. Ama umekosea kusoma, pima upya. Ama lipu ni nene isivyo kawaida, jambo linalotokea sana pale ukuta ulipojengwa umepinda na fundi lipu akaunyoosha kwa saruji. Ama pale kwenye kona pana nguzo ya zege iliyojitokeza kuliko ukuta wenyewe. Hili la nguzo linawapita wengi kwa sababu njia hii inapima mwisho wa ukuta, penye kona, na kona ndiko nguzo zinakokaa. Pitisha kiganja ukutani kuanzia konani kuja ndani. Ukihisi ngazi, pima jinsi ilivyojitokeza kila upande, uitoe kwenye jibu.

Bafu liache kabisa. Vigae na saruji iliyovibeba vinakuongezea sentimita moja hadi mbili ambazo si ukuta.

Kama kona si mraba

Hesabu ile inadhani ukuta wa pamoja unakutana na ukuta wa mbele kwa pembe mraba. Kwenye viwanja vilivyopimwa huwa ni hivyo. Kwenye mitaa iliyokua yenyewe, ambako nyumba zilifuata njia ya miguu, ukuta wa pamoja unaweza kuwa umelala, na hapo namba uliyoipata ni unene uliokatwa kwa mshazari, mkubwa kuliko unene wa kweli.

Huhitaji hesabu za pembe. Ndani ya chumba, weka alama kwenye ukuta wa mbele, sm 100 kutoka kona ya ukuta wa pamoja. Shikilia mwanzo wa futi kamba kwenye alama hiyo, sehemu nyingine uipeleke kwenye ukuta wa pamoja, uizungushe kama bawaba mpaka upate umbali mfupi kuliko wote. Ukipata 100 kamili palepale konani, ama kona ni mraba ama imefunguka kuelekea kwako; rudia jaribio kwa jirani, maana kona ikifunguka kwako imefumbika kwake. Ukipata pungufu, tuseme 97, zidisha unene wako kwa 0.97. Ule wa 180 unakuwa 175. Kwa ukuta mwembamba tofauti ni ndogo, unaweza kuipuuza. Kwa ukuta mnene wa mawe haipuuziki, tutaona.

Kutenga lipu na tofali

Kama unataka kuchimbia waya au bomba, unene unaokuhusu ni wa tofali tupu. Njia safi ya kuona lipu ni kwenye soketi iliyopo tayari. Zima swichi kuu, hakikisha hakuna umeme, fungua skrubu mbili za kifuniko, kivute taratibu. Pembeni ya boksi la chuma utaona ukingo wa lipu, rangi yake na punje zake ni tofauti na za tofali. Pima kwa msumari mwembamba. Upande wa jirani chukulia ni sawa na kwako ikiwa nyumba zilijengwa pamoja na fundi mmoja. Kama yeye amekarabati, usichukulie.

Jirani hayupo, au hataki

Panda darini. Kwa nyumba nyingi za vyumba vya kupanga, fremu za biashara na nyumba za mkupuo mmoja, huko ndiko siri yote iliko, kwa sababu hakuna anayepiga lipu mahali pasipoonekana. Kanyaga mbao tu, usikanyage silingi bodi, na uende asubuhi kabla bati halijapata moto.

Mambo mawili ya kutazama. La kwanza, je, ukuta umefika kwenye bati au umeishia usawa wa dari? Ukiwa umeishia darini, unene uko mbele yako wazi: weka futi kamba juu yake, soma, bila lipu wala hesabu. Na hapo umejua pia kwa nini unasikia redio ya jirani kama iko chumbani kwako. Sauti haipiti ukutani. Inapanda kwenye silingi bodi yake na kushuka kwenye yako. Moshi na moto vinafuata njia hiyohiyo, na kibaka vilevile.

La pili, kama ukuta umepanda hadi kwenye bati, soma kozi, yaani mistari ya tofali. Pima kimo cha kozi moja pamoja na saruji yake ya kuungia. Ukipata kama sm 24 au 25, tofali limesimamishwa, kwa hiyo unene ni inchi 5 au 6, bado hujajua ipi. Ukipata kama sm 14 hadi 17, tofali limelazwa: unachokiona ni ule unene wa inchi 5 au 6, na inchi 9 imeingia ndani. Ukuta huo ni wa mm 230. Kozi haidanganyi, nami naiamini kuliko maneno ya aliyejenga.

Ukibaki njia panda kati ya inchi 5 na 6, tafuta ukuta huohuo unapoishia. Nyumba nyingi za safu zina kipande cha ukuta wa pamoja kinachochomoza mbele barazani au nyuma uani kutenganisha vibaraza. Hicho kina ncha, pima. Ila hakikisha ni ukuta uleule ulioendelea na si nyongeza iliyojengwa baadaye: kama pana ufa ulionyooka wima pale kinapoungana na nyumba, ni nyongeza.

Ukuta mmoja au mbili?

Sasa lile swali la 260 na 280. Tazama mbele ya nyumba, kwenye mstari wa kati. Ufa mwembamba wima, ulionyooka kutoka chini mpaka juu, ambao kila mwaka unazibwa na kila mwaka unarudi, ni dalili ya majengo mawili yanayosukumana kila moja kwa msingi wake. Tazama paa: mabati yakiwa yamepita moja kwa moja juu ya nyumba zote mbili, ni jengo moja, yakiwa yamekatwa na pana mfereji au flashingi (kipande cha bati cha kuzuia maji) katikati, zilijengwa kwa nyakati mbili. Darini, kama ukuta umeishia chini ya bati, utaiona nafasi yenyewe kati ya kuta mbili, imejaa mota iliyodondoka na vipande vya tofali.

Kama ni mbili, unene unaokuhusu ni wa ule wako peke yake, na hesabu ya madirisha haiwezi kukupa huo. Rudi kwenye kozi. Na mpaka wa kiwanja usiuamulie kwa futi kamba. Kwa watu wengi mpaka unapita katikati ya ukuta, lakini si kwa wote. Bikoni na hati ndivyo vinavyosema, na mwenye kuvisoma ni mpima ardhi.

Tundu, kama hakuna njia nyingine

Jirani akubali, wewe ujue waya zinapita wapi, na utumie biti ndefu nyembamba, mm 6 inatosha. Toboa toka kwako. Mtu asimame upande wa pili. Kisha chukua waya mgumu, upinde ncha yake kama ndoano ndogo, upenyeze hadi utokee ng'ambo, uvute mpaka ndoano ikamate lipu ya jirani. Weka alama kwa kucha pale waya unapotokea kwako, utoe, upime kutoka kwenye alama hadi ndoano. Ziba pande zote mbili siku hiyohiyo, na rangi ya upande wa jirani ni juu yako.

Kugonga ukuta kwa kidole hakukupi unene. Kunakwambia lipu imeachia wapi, nayo ni habari nzuri, lakini ni habari nyingine.

Namba ikishapatikana

Kwa wachimbaji wa mifereji ya waya na mabomba, kanuni za ujenzi za Uingereza zina kipimo kinachofaa kukumbukwa: mfereji wa kwenda wima usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, wa kwenda mlalo usizidi moja ya sita. Kwa tofali la inchi 6 ni mm 50 wima na mm 25 mlalo. Kwa inchi 5 ni kama 40 na 20. Tofali zenye matundu ndani zinastahimili mfereji unaopita lipu kwa kiasi kidogo tu, usizichimbe mlalo kabisa.

Boksi la soketi tunalotumia lina kina cha mm 35 au 47. Ukiweka la 47 kwenye ukuta wa inchi 5, na jirani naye ameweka la 47 palepale upande wake, kati yenu panabaki kama sentimita tatu au sita kutegemea lipu, tofali lenyewe likiwa limeshapasuliwa mara mbili. Utasikia chaja yake ikichomekwa. Sogeza lako pembeni nusu mita.

Kuongeza ghorofa juu ya ukuta wa pamoja ni kazi ya injinia, hata kama umepata mm 260. Unene ni swali la kwanza atakalokuuliza, lakini la pili ni msingi, na huo futi kamba haiufikii.

Mji Mkongwe na Lamu: hapa usitegemee tofali

Yote niliyosema kuhusu orodha ya majibu yanaanguka ukiingia Mji Mkongwe wa Unguja au mji wa kale wa Lamu. Kuta za huko ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa: nyuso mbili za mawe makubwa, katikati vipande vidogo na udongo wa chokaa. Hakuna kalibu. Ukuta wa sm 50 hadi 60 ni wa kawaida, na uleule unaweza kuwa sm 58 hapa na sm 51 hatua tatu mbele, bila mtu kukosea.

Ukuta huo kwa kawaida umebeba boriti za mikoko, na boriti ndizo zilizoamua upana wa vyumba, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu. Kwenye nyumba zilizoshikana, boriti zako na za jirani zinaingia kwenye ukuta mmoja kutoka pande mbili. Kwa hiyo anayeupunguza ukuta huo kwake anakula kitako cha boriti za mwenzake.

Njia ya madirisha bado inafaa, kwa marekebisho. Madirisha ya huko yamezama sana, na pembeni yake yamekatwa yakitanuka kwa ndani, kwa hiyo ubao wa nusu mita hautoshi. Tafuta wa mita moja, na uhakikishe kwa skwea kuwa umesimama mraba na ukuta wa mbele. Jaribio la kona ni la lazima, maana vichochoro havikunyooka. Tuseme kando ya kichochoro umepata mm 640, na jaribio la sm 100 limekupa 94. Unene wa kweli ni 640 mara 0.94, yaani kama mm 602. Ukipeleka 640 umejizidishia karibu sentimita nne za ukuta, na kwa nyumba yenye vyumba vya upana wa mita mbili na nusu sentimita nne zinaonekana.

Pima kila ghorofa peke yake. Mara nyingi ukuta wa juu ni mwembamba kuliko wa chini, umerudi ndani pale boriti zilipokaa. Kipimo cha ukingo wa juu ya paa, ambacho ni rahisi kukipata kuliko vyote, ni cha pale juu tu, usikiteremshe chini.

Kisha zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Kidaka chenye kina cha sm 25 kwenye ukuta wa sm 55 kinabakiza sm 30. Jirani naye akiwa na kidaka mgongo kwa mgongo na chako, cha kina hichohicho, kilichobaki kati ya vyungu vyako na vyake ni sm 5. Pima kina cha kila kidaka, na umuulize jirani vyake viko wapi, hata kama alishaviziba: vingi vilizibwa kwa mawe yaliyolegea na kupakwa juu. Hapo ndipo kugonga kwa kidole kunasaidia.

Usitoboe kwa drili ya kugonga. Kiini cha ukuta ni kokoto na chokaa ya miaka mingi, mtikisiko unaimwaga ndani kwa ndani bila wewe kuona, na ukuta unavimba baadaye. Na ukimaliza kupima usizibe alama kwa saruji: saruji inafungia unyevu ndani, chokaa inaoza, lipu inabanduka na jiwe lake. Ziba kwa chokaa.

Kwenye mchoro andika vipimo vya chini, vya kati na vya juu, kila kimoja na mahali kilipopimwa, pamoja na vidaka na mielekeo ya boriti za nyumba zote mbili. Kwa Unguja mchoro huo unapelekwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla ya nyundo ya kwanza. Lamu waone Makumbusho ya Taifa ya Kenya, hasa kama nyumba yako imeunganishwa na ya ng'ambo kwa wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia kama daraja, kwa sababu hapo ukuta wenye mzigo wa pamoja unaweza kuwa ule wa upande wa pili wa njia.